Kabla Hujaliinua Gari, Mlete Mama Yako

Ipo Jumapili moja, mwanangu Feisal, ambayo nikiikumbuka hasira inanipanda mpaka masikio yanakuwa ya moto. Na hasira yenyewe si ya mtu mwingine, ni yangu mimi juu ya nafsi yangu. Jana ulikuja hapa Tandika na ile karatasi yako ya dukani, ukaniwekea mezani, ukaniuliza, "Mjomba, springi za kuinulia gari zipo za inchi mbili, inchi nne na inchi sita, nichukue zipi?" Nikakufokea mpaka ukaacha chai kikombeni. Mama yako akanipigia simu kuniuliza mtoto nimemfanyaje. Leo umerudi na shikamoo yako ya woga. Marahaba, kaa. Sikuombi radhi kwa kukufokea, maana hasira bado ninayo. Kosa langu ni kwamba nilifoka bila kukwambia sababu.

Mie nilikuwa na miaka ishirini na tisa, bichwa hili limejaa upepo. Babu yako alikuwa amefariki, duka la mabati na misumari likabaki mikononi mwangu pamoja na jipu lake la foo-wili. Gari la zamani hata kwa wakati ule. Springi zilikuwa zimelala, likipita kwenye shimo linalia kila mahali, lakini lilikuwa linafika. Na kila Jumapili lilikuwa na safari moja tu: kumpeleka bibi yako Kimbiji kwa dada yake, Mama Mkubwa Zuwena.

Wewe hukumkuta Mama Mkubwa. Katika tumbo la mama yao walikuwa wamebaki wao wawili tu, wengine wote walishatangulia. Bibi yako alikuwa anaoka vileja Jumamosi, anavifunga kwenye kopo la maziwa, Jumapili tunaondoka. Wakishakutana wanatandika mkeka, wanakunja miguu, wanawasema watu waliokufa zamani kana kwamba watapita mlangoni sasa hivi. Wanacheka mpaka wanafutana machozi. Jioni tunarudi na mihogo na samaki wa kukaanga, na mama yangu uso umemng'aa wiki nzima. Ile ndiyo ilikuwa dawa yake baada ya kufiwa na mumewe. Mie niliona kazi ya udereva tu, basi.

Sasa nikawa na marafiki wa Kawe, vijana wa pesa, wenye majipu marefu. Nikiegesha langu pembeni ya yao, langu linaonekana kama limechuchumaa. Likaniuma. Nikaona na mie nitalinyanyua, na visingizio ninavyo, si barabara ya Kimbiji ni mchanga na masika ni tope? Kisingizio kilikuwa cha kweli, lakini roho ilikuwa Kawe.

Pale Temeke palikuwa na fundi wa springi, Mzee Mshamu, mtu wa maneno machache. Nikampelekea. Akaingia chini ya gari, akatoka, akaniuliza, "Nani anapanda gari hili?"

Nikamwambia, mimi.

"Na nani tena?"

"Mama yangu, siku za Jumapili."

"Basi nenda kamlete."

Nikadhani ananitania. Akaniambia, hapana, yeye halipimi gari tupu. Wanaolipanda waje wote, kila mtu akae mahali pake, awaone wanavyopanda na wanavyoshuka, ndipo atajua inchi ngapi. "Halafu gari lako halina shida ya urefu," akasema. "Bushi, zile raba za maungio, zimekwisha, shokapu zimekufa. Ukilinyanyua hivihivi utakuwa umenyanyua ubovu."

Mwanangu, nilichukia! Mama yangu mie, mwanamke wa buibui na udi, akasimame kwenye gereji yenye oili chafu katikati ya wanaume wenye singlendi? Nikamjibu mzee yule jibu ambalo nikilikumbuka mpaka leo nataka kujizaba kibao: "Wewe funga springi, mambo ya mama yangu hayakuhusu." Mtu wa rika la baba yangu! Hakupandisha sauti. Akafuta mikono kwenye kitambaa, akasema, "Basi na gari lako halinihusu."

Nikaondoka kwa mbwembwe nikaenda Kurasini, kwenye gereji moja karibu na yadi za makontena. Pale nilikuta vijana wenzangu. Nikawaambia inchi sita, wakasema tena hizo ndizo zenyewe. Wakafunga springi ndefu, shokapu ndefu, matairi makubwa. Wakang'oa na vile vikanyagio vya pembeni vya kupandia, eti vya kizee. Na mie nikakubali kwa kichwa, eti vya kizee kweli! Hakuna aliyeniuliza nani anapanda. Walichoniuliza ni kama nataka spika kubwa nyuma.

Jumapili nikaliegesha mbele ya duka, ubavu kwa baraza. Unalijua baraza letu lilivyo juu. Mama akatoka na kopo lake la vileja, akavuka kutoka barazani mpaka kitini kama anaingia chumbani kwake. Nikasema moyoni, si huyo kapanda, Mshamu alikuwa ananibabaisha nini? Akili yangu iliishia pale. Haikunijia hata kidogo kwamba Kimbiji hakuna baraza la duka, kuna mchanga mtupu.

Siku hiyo kwa Mama Mkubwa kulikuwa na kisomo, wanamrehemu mumewe. Wanaume wamejaa uwanjani kwenye mikeka, wanawake ndani. Nikaingia na ngurumo yangu, nikasimama katikati palepale ili kila mtu aone. Nikashuka upande wangu, vijana wakanizunguka, mie naonyesha matairi. Upande wa pili mama amefungua mlango, anateremsha mguu, mguu unatafuta ardhi hauipati. Akaniita, "Saidi!" Nikamsikia. Akaniita tena. Nikamjibu, bila hata kuzunguka gari, "Ruka tu, mama!"

Ruka! Mwanamke wa miaka sitini na kitu namwambia aruke!

Wakainuka wanaume wawili, watu wazima wenye nia njema. Mmoja akamshika kwapani, mwingine kiunoni. Buibui likanasa kwenye kitasa. Mama yangu akabaki ananing'inia mikononi mwa watu asiowajua, miguu wazi mpaka magotini, mbele ya kisomo kizima. Mwanaume mmoja akasema kwa utani, "Taratibu jamani, mzigo wa vyombo huo!" Uwanja ukacheka.

Na mimi nilicheka, Feisal. Usinitazame hivyo. Nilicheka na wenzangu.

Wakati wa kuondoka ikawa vilevile. Wakaleta kinu wakakigeuza ili akanyage, kinu kikayumba, basi wakamsukuma kwa nyuma mpaka akaingia. Tulipofika Kongowe nikamuuliza mbona kimya. Akasema amechoka.

Jumapili iliyofuata akaniambia goti linamuuma, tuache mpaka wiki ijayo. Wiki ijayo goti. Nyingine goti. Na mie nikaamini! Mwanamke aliyekuwa anapanda ngazi ya stoo ya duka kila asubuhi kuhesabu mabati, mbele ya macho yangu haya, nikaamini goti! Unajua kwa nini? Kwa sababu ilinifaa. Jumapili zikawa zangu, nikawa nazunguka ufukweni na watu wa Kawe. Yeye hakuacha kuoka. Kila Jumamosi anaoka vileja, ananipa kopo, "Ukipita upande wa kule mpelekee dada." Mara mbili sikufika. Vileja tulivila na wenzangu juu ya boneti.

Miezi minne, mwanangu. Mama Mkubwa naye alikuwa hajiwezi kwa safari ndefu, akawa anatuma salamu kwa kila anayekuja mjini: mwambieni mdogo wangu aje, nina neno nataka kumwambia. Salamu zinafika dukani, nazipokea mimi, nazipeleka kwa mama. Mama anaitikia, "Inshallah, goti likipoa." Anaingia zake jikoni.

Jumatano moja asubuhi akaja mtu kutoka Kimbiji. Alipoanza tu kuuliza mama yupo wapi nikajua. Mama Mkubwa alikuwa amefariki.

Nikakimbia kuwasha jipu. Nikamwambia mama gari liko tayari. Akanipita kama sipo, akaenda kujibana na wanawake wa mtaa kwenye kigari cha kukodi, wamekaliana mapajani. Nikawafuata nyuma peke yangu, viti vitupu, niko juu nawaona wote. Msafara mzima nilikuwa natazama kisogo cha mama yangu kwenye kioo cha nyuma cha kile kigari.

Baada ya matanga nikamkuta amekaa peke yake kwenye ule mkeka wao. Nikakaa miguuni pake. Nikasema neno la kijinga, kwamba laiti goti lisingekuuma ungemuona. Hakulia, hakufoka, na mpaka leo natamani angefoka.

"Goti langu halijaniuma hata siku moja, Saidi," akasema. "Niliona haya kurudi mbele ya watu wale. Nilikuita mara mbili, ukacheka."

Kesho yake nilikuwa kwa Mzee Mshamu. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha, hakunipa nafasi. Akaniuliza tu, "Mama yuko wapi?" Nikaliacha jipu pale, nikarudi kumchukua kwa gari la kukodi. Alipofika, mzee yule akawatoa wanaume wote nje ya uwanja, akatandika mkeka safi kwenye mchanga ili asichafue viatu, mwenyewe akageuka akatazama ukutani. Akanipa chaki. "Mwambie anyanyue mguu mpaka pale ambapo haumpi tabu, wewe piga mstari." Nikapiga mstari ubavuni mwa gari. Feisal, ulikuwa chini! Chini kabisa ya pale nilipokuwa nimeweka mlango. Nilipoliona lile pengo nikaona aibu ya kunizika.

Akalishusha. Akafunga springi za inchi mbili, akasema kwa mchanga wa Kimbiji na mzigo wa watu wanne hizo zinatosha na kubaki. Kabla ya hapo akabadilisha bushi zote na shokapu. Akanionyesha mipira ya breki, ile inayopitisha mafuta, wale vijana waliiacha fupi vilevile, ilikuwa imevutika mpaka inapasuka nyufa. Kumbe kila Jumapili nilikuwa naendesha kifo changu huku nikipiga honi. Akarudisha vikanyagio, akavifunga sawasawa na ule mstari wa chaki.

Nikalileta nyumbani, safari hii nikaliegesha mbali na baraza, kwenye mchanga. Mama akatoka. Akaweka mguu, akapanda mwenyewe, bila mkono wa mtu. Akakaa, akaweka mkoba mapajani. Nikaruka upande wangu na furaha ya kitoto, nikamwambia, "Sasa limekaa sawa, mama."

"Limekaa sawa sana," akasema. "Haya. Sasa unanipeleka wapi?"

Nilishika usukani nikakosa mahali pa kutaja. Dunia nzima mama yangu alikuwa na mahali pamoja pa kwenda Jumapili, na palikuwa pameshafungwa. Tukakaa pale, gari linanguruma, mpaka akasema basi nimshushe, ana kazi ndani. Lile neno ambalo dada yake alitaka kumwambia, mama hakulijua mpaka anaingia kaburini.

Sasa wewe jana unaniletea karatasi yenye inchi sita. Mama yako, dada yangu Rukia, tangu aanguke bafuni mwaka jana nyonga yake ina chuma. Nani anampeleka kliniki? Wewe. Nani anampeleka kwa shoga zake Kigamboni, mahali pekee anapocheka siku hizi? Wewe. Nilipokuuliza nani anapanda gari ukanijibu, "Mie, Mjomba." Neno kwa neno, jibu langu mwenyewe! Ndiyo maana nilifoka. Ningekuwa na nguvu ningekuchapa.

Sikukatazi kuliinua. Gari la zamani kwenye mchanga linahitaji kunyanyuka kidogo, mwenye kukataa hilo hajawahi kukwama. Lakini anza na vilivyochakaa, bushi, shokapu, mipira ya breki, na breki zenyewe. Springi chagua kwa uzito unaoubeba kila siku. Usichague kwa mzigo unaouota, wala kwa picha uliyoiona kwenye simu. Ukimaliza, kapime magurudumu yakae sawa. Fundi asiyeuliza nani anapanda, chukua ufunguo wako uondoke. Na hayo yote yaje baada ya jambo moja. Mlete mama yako asimame pembeni ya gari, kwenye ardhi tambarare, pasiwe na baraza la kukudanganya. Mwambie anyanyue mguu. Akikwambia haumii, mtazame usoni kwanza. Mama zetu hawa wanaweza kusingizia goti miezi minne ili wewe usione haya.

Mola akupe gari la kukufikisha salama, mwanangu, na unakokwenda umkute mtu angali anakungoja. Akikuita anayekupenda, akujaalie uitike mwito wa kwanza.

Chaki hiyo hapo juu ya meza. Kunywa chai yako, kisha nenda kamlete.