Kidole Kisicho na Usaha

Mimi ni soja. Miaka kadhaa sasa nasimama kwenye lango la nyumba za wageni kule Diani, na kazi yangu, ukiitazama vizuri, ni moja tu: kumwambia mtu asiingie. Nawaambia wauza shanga, nawaambia madereva wa tuktuk, nawaambia hata watoto wa wakubwa wakija na jeuri zao. Wengine hunitukana, wengine huniita dada mzuri. Sibabaiki. Basi daktari wa Mombasa aliponiambia kwamba mdogo wangu asitembelewe na mtu yeyote, nilimjibu, "Hilo niachie mimi." Nilisema kwa kujitapa hasa.

Mdogo wangu alikuwa na saratani ya damu. Ndiye kitindamimba wetu. Baba alikufa yeye hajaanza kutambaa, na mama akienda shamba mimi ndiye niliyemfunga mgongoni. Sasa ni mtu mzima, muuza viazi karai pale Ukunda, na ulimi wake mkali kuliko pilipili anayouza. Fizi zilipoanza kumtoka damu aliwaambia wateja, "Hii pilipili yangu leo imenikata mwenyewe." Walicheka, naye akacheka. Baadaye akaanguka mbele ya karai.

Yule daktari alinieleza taratibu, nami nikamshukuru kwa hilo, maana wengine hukusemesha kama unayewachelewesha. Ndani ya mifupa, alisema, kuna uboho, na humo ndimo zinamozaliwa chembe zote za damu. Zile nyeupe ndizo zinazotulinda. Huzaliwa changa, zikakomaa humohumo mfupani kwa siku kadhaa, ndipo zikatoka kuzunguka katika damu. Bakteria wakiingia mahali, labda penye mkwaruzo, zile chembe huvutwa na dalili zao, zikajipenyeza kwenye ukuta wa mshipa, zikawafuata, zikawameza. Nazo haziishi sana. Leo zipo, kesho zimekufa, na uboho unazaa nyingine bila kupumzika.

"Uboho wa mdogo wako ulikuwa unazaa vichaa," akasema. "Hawakomai na hawafanyi kazi, wanajaza nafasi tu. Tumewaua kwa dawa. Lakini dawa haichagui, imeua na wazima. Kwa muda hatakuwa na mlinzi."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka uboho uamke."

"Na usipoamka?"

Akaanza kupanga karatasi zake ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa.

Walinzi mimi nawajua. Namjua anayelala kwenye kiti, namjua anayeuza maneno kwa wezi. Lakini lango lisilo na mtu kabisa, usiku na mchana, hilo sikuwahi kuliona. Masharti niliyashika yote. Chakula kitoke motoni, maji yachemshwe, kachumbari marufuku, watu marufuku. Na akipata homa, hata kidogo, tusingoje kupambazuke wala kuchwe, tukimbie hospitali.

Tukarudi nyumbani, kijijini kwetu upande wa Msambweni, kuusubiri uboho. Nikaomba ruhusa kazini, nikaweka kiti mlangoni, nikakaa.

Kwetu mgonjwa si wa nyumba moja. Kumzuru ni ibada, na asiyekuja husemwa mpaka kaburini. Walikuja majirani, wakaja wanawake wenzake wa maulidi, wakaja wateja wake wa viazi kutoka Ukunda. Wote niliwarudisha. Mama aliona haya hata kwenda kisimani.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," aliniambia. "Hukufundishwa?"

"Mwenyeji huyu hatapona, mama. Atakufa."

"Lo! Ufunge huo mdomo wako!"

Siku nyingine akaleta kombe. Mwalimu wa madrasa alikuwa ameziandika aya kwenye sahani kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji na marashi, yamo kwenye chupa, mgonjwa anywe. Nikauliza maji yametoka wapi. Ya kisimani. Basi nikachukua sufuria, nikamimina, nikatia mkaa. Mama alipoyaona yale maji yanatokota alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Astaghfirullah! Unachemsha maneno ya Mungu!"

"Nachemsha maji, mama. Maneno hayaungui."

Mdogo wangu alicheka huko ndani mpaka akakohoa. Akaomba kikombe, akanywa, akasema limekuwa kama chai iliyokosa sukari. Mama alinuna siku nzima. Mimi nilikuwa nimekwisha kujiona mshindi, kwamba hapa hapapiti kitu.

Ndipo akaja shangazi.

Shangazi yetu, dada wa baba, anakaa Majoreni. Alikuwa amepanda gari hili na lile tangu alfajiri, buibui limejaa vumbi, kikapu mkononi. Akasimama barazani.

"Hodi."

Hodi hujibiwa karibu. Hakuna jibu jingine. Nililimeza lile neno, likashuka kama mwiba.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hunikaribishi?"

"Daktari amekataza watu. Hana kinga yoyote mwilini."

"Mimi ni watu?" Alinitazama juu mpaka chini. "Huyu nilimpokea mimi kutoka tumboni kwa mama yake. Nikamwosha kwa mikono hii. Leo nimekuwa najisi?"

"Sijasema hivyo, shangazi."

Mdogo wangu akapiga kelele kutoka ndani, "Shikamoo, shangazi! Usimjali huyo, amezoea kufukuza wauza shanga!"

Shangazi akataka kucheka, badala yake machozi yakamtoka. Akakiweka kikapu kizingitini. Ndani mlikuwa na tafi wabichi, wamefunikwa majani. "Na samaki je, nao wamekatazwa?" aliniuliza. Mtu humrudishi na zawadi yake, hata kama umemrudisha yeye mwenyewe. Nikafikiri, samaki watapikwa, moto utawasafisha. Nikakipokea. Shangazi akashika njia, mama akamfuata nyuma akimwomba radhi mpaka barabarani.

Nikaingia kuswali adhuhuri. Nilipotoa salamu nikasikia ukelele uani.

Mdogo wangu alikuwa ameketi kwenye mbuzi ya kukunia nazi, kisu mkono mmoja, tafi mkono wa pili. Mwiba wa mgongoni ulikuwa umemwingia kidoleni.

"Nani amekutuma? Hebu niambie, nani amekutuma?"

"Nimechoka kulaliwa kama yai, dada. Shangazi ametoka mbali. Nilitaka aambiwe samaki wake niliwapara mimi."

Nilimwosha kwa maji ya moto na sabuni, nikampaka dawa ya kidonda, nikamfunga, huku namgombeza kwa kila neno nililolijua. Tafi anauma vibaya. Kila mtu kwetu amekwisha kuchomwa naye, na mambo yake tunayajua: kidole huvimba kikawa kama ndizi mkono, kikaiva, kikatoa usaha, mtu akalia, akapona. Kwa hiyo kesho yake nilipofungua kitambaa moyo wangu ulikuwa juujuu.

Kidole kilikuwa kikavu. Hakikuvimba, hakikuwa chekundu, usaha hata tone. Kitundu kidogo tu, na kando yake ngozi safi. Kilikuwa kidole cha bibi harusi.

"Alhamdulillahi," mama akasema. "Unaona? Mungu si Athumani."

Nami, mjinga mimi, nilimbusu kile kidole.

Alasiri aliniambia, "Dada, nipe shuka." Ilikuwa kaskazi, bati linalia kwa joto. Nikamgusa kipaji, kikaniunguza. Mama akasema ni malaria, tumpe vidonge tuone mpaka kesho. Nikamwambia mama, kesho gani? Nikamwita kijana wa tuktuk, nikambeba mdogo wangu mgongoni kama zamani. Njia nzima meno yalikuwa yakimgongana. Nilimchokoza kusudi, nikamwambia amekuwa mzito kwa viazi vyake mwenyewe. Hakunijibu. Katika maisha yake yote hakuwahi kuniacha bila jibu, na hapo ndipo nilipojua kwamba naweza kumpoteza.

Daktari wa Msambweni alikuwa msichana, mtu wa bara. Nilimweleza yote mbio mbio, saratani, dawa, mwiba. Akakishika kile kidole, akakigeuza kwenye taa.

"Usaha iko wapi?"

"Hakuna, daktari. Kisafi kabisa."

Akachukua sindano. Kisha akasema kwa upole, "Hiyo ndiyo mbaya, dada."

Huku anamtafuta mshipa alinieleza. Usaha, alisema, si uchafu uletwao na kidonda. Ni maiti za chembe nyeupe zenyewe, zilizokuja mbio zikawameza bakteria, zikafia palepale. Uvimbe ni njia chembe hizo zinayofunguliwa kupita. Wekundu na joto ni damu inayozileta. "Hapa hakuna maiti kwa sababu hakuna mwenye alikuja," akasema. "Bakteria wameingia, wamepita, wako kwenye damu sasa."

Nilikitazama kile kidole nilichokibusu. Nikataka kukitapikia.

Walimtundikia dawa za kuua bakteria, chupa juu ya chupa. Daktari hakunificha kitu. Dawa zitapigana, alisema, lakini peke yake si rahisi, mwili nao lazima ulete wake. Kila asubuhi walimtoa damu kuhesabu chembe nyeupe, na kila asubuhi nikaambiwa bado. Bado. Neno hilo lilikuwa likinishinda kulisikia. Mdogo wangu hakunitambua tena. Aliniita kwa jina la mteja fulani, akaniambia ningoje, mafuta hayajashika moto. Nikawa namwambia, "Nangoja, mama wa viazi, nangoja."

Niliwachukia tafi wote walioko baharini. Nilimchukia shangazi. Nilijichukia mimi, na kiti changu cha mlangoni. Mama alinitamkia neno mara moja tu: "Ulizuia watu, kifo kikapita na kikapu." Halafu akaja akalaza kichwa chake mapajani mwangu, tukalia wote. Shangazi alipiga simu, sikuipokea. Nikasikia kwa mama kwamba huko Majoreni hali wala hanywi, anasema samaki wake ndio waliomuua mtoto wa kaka yake. Alisema waliomuua, na bado alikuwa hai. Alipopiga tena, nikaigeuza simu kifudifudi.

Nami nikaomba. Wenzangu huomba mali, huomba waume wema. Mimi nilisujudu kwenye kanga kando ya kitanda cha hospitali nikamwomba Mwenyezi Mungu usaha. Sijui malaika waliliandikaje.

Siku moja daktari alikuja na habari ndogo. Bwana mmoja wa maabara alikuwa ameipaka damu kwenye kioo, akaitazama kwa darubini, akaona chembe chache, changa. Hazijakomaa vizuri, uboho umezitoa hivyohivyo kwa sababu hali ni mbaya. Nilikumbuka jinsi kampuni yetu inavyotuletea malangoni vijana wageni msimu wa watalii ukipamba moto, suruali zimewapwaya, wamezifunga kwa kamba. Huwa siwaamini hata kidogo. Hawa niliwaamini, wallahi, nilikuwa sina wengine.

Asubuhi iliyofuata niliamshwa na mguno.

"Dada. Kidole kinapwita."

Alikuwa ananitazama mimi, si mteja. Nikafungua kitambaa. Kidole kilikuwa kimevimba, chekundu, kinang'aa kama kimepakwa mafuta, na pale penye kitundu palikuwa na kichwa cha manjano. Nilikigusa kidogo kikatumbuka, kikanuka.

"Usaha!" nilipiga ukelele. "Jamani, usaha! Ana usaha!"

Wodi nzima iliamka. Muuguzi alikuja mbio akidhani mtu amekata roho, akanikuta nimepiga magoti na kitambaa kichafu nimekikumbatia kifuani.

"Ala," mdogo wangu akasema, sauti haitoki vizuri. "Mgonjwa mimi, wazimu umekushika wewe."

Ndiyo. Nilicheka, nikalia, nikacheka. Hakuwa amepona, wala sikujidanganya. Homa ilishuka pole pole, na huko Mombasa walikuwa wanatungoja na duru nyingine ya dawa, ambayo itaikausha tena mifupa yake, nasi tutaanza kungoja upya. Lakini siku ile lango lilikuwa na watu.

Nikampigia shangazi. Akapokea kabla haujaisha mlio wa kwanza.

"Shangazi, ana usaha."

"Inna lillahi wa inna ilayhi..."

"La, la, shangazi! Ni kheri. Njoo umwone."

"Niingilie wapi?" akaniuliza. "Mlango wako naujua."

"Njoo tu."

Nilikwenda kwa daktari nikambembeleza, akakubali mtu mmoja, aliyenawa na kujifunika mdomo. Alipofika alisimama nje ya mlango wa wodi, miguu pamoja, hakusogea.

"Hodi," akasema kwa sauti ndogo.

"Karibu, shangazi. Karibu. Karibu ndani."

Alinawa kwenye bomba mpaka viwikoni, kama mtu anayetia udhu. Mdogo wangu akautoa mkono kwenye shuka, akauinua kwa shida, ule mkono wa kidole kilichovimba na kitambaa chake kilicholowa manjano. Shangazi akainama, akakitazama sana.

"Mashaallah," akasema.