Shingo, Kiuno na Urefu Wangu

Mimi ni fundi makochi hapa Keko. Kabla sijaugua nilijiona mzima kabisa. Mikono na miguu yangu ni myembamba, basi tumbo lilipoanza kutokeza, mafundi wenzangu walinitania: "Baba Neema mambo yake safi!" Nami nilicheka. Asubuhi maandazi na soda, mchana chipsi mayai.

Ikaanza kiu isiyokatika, na mkojo kila saa. Macho yakaingia ukungu, vidole vya miguu vikafa ganzi. Siku moja nilikanyaga msumari, ukapenya ndala hadi chini ya kidole kidogo cha mguu, wala sikuusikia. Mke wangu ndiye aliyeona damu sakafuni. Kidonda kikavimba, kikatoa usaha, kikanuka. Nikajifungia chumbani kwa aibu. Mke wangu akagonga mpaka nikafungua, akanishika mkono.

"Baba Neema, mie sitaki kuwa mjane. Twende."

Hospitali walikuta sukari iko juu mno. "Mguu tutaupigania," daktari alisema, "ila kisukari hiki tusipokidhibiti, tutaukata." Nililia mbele ya mke wangu kwa mara ya kwanza.

Bado nikabisha. "Mbona mimi si mnene?"

Nesi mmoja, mama wa makamo, akachukua futi ya kitambaa kama ya fundi cherehani. Akapima shingo, kiuno usawa wa kitovu, kisha urefu. "Usivute tumbo ndani, kaka," akaniambia. Akapiga hesabu kwenye simu. "Mafuta ni kama asilimia thelathini na nne ya mwili wako. Haya ni makadirio tu, si kipimo kamili. Lakini mikono myembamba isikudanganye. Mafuta yako yamejaa tumboni."

Nikaanza dawa. Kidonda kilisafishwa kila siku hadi penye nyama inayohisi, nami nikiuma shuka. Kidole kidogo hakikupona, wakakikata. Mguu ukabaki. Soda nikaacha, ugali nikapunguza, na kidonda kilipofunga nikaanza kutembea asubuhi.

Kila Jumamosi mke wangu alinipima kwa futi aliyoinunua, kama ya yule nesi. Wiki za mwanzo kiuno hakikusogea hata kidogo. Nikamwambia tuache, tunajisumbua bure. Akazungusha ile futi mgongoni kwangu, akabaki amenishikilia.

"Hata kisipopungua, mie napata kukukumbatia."

Kilipungua. Kutoka sentimita mia moja na kumi na mbili hadi tisini na tano, na hesabu ya mafuta ikashuka hadi asilimia ishirini na tano. Dawa nameza hadi leo.

Namshukuru Mungu, yule nesi, na zaidi mke wangu. Nawe unayesoma, hata kama nguo zinakukaa vizuri, pima kiuno chako, kisha nenda ukapime na sukari. Usingoje kidonda.

Mwezi uliopita Neema, binti yetu, aliolewa. Nilimshika mkono kutoka mlangoni mwa kanisa hadi madhabahuni, polepole, kwa miguu yangu yote miwili.