Bi Verna Hataki Kusikia "Tafadhali"

Ni Jumamosi asubuhi, ukungu bado umelala bondeni, na Bi Verna Stiltner amekwisha kasirika hata kabla ya risasi ya kwanza. Mkononi ana bastola ndogo ya rangi ya waridi. Anaikagua, anahakikisha haina kitu ndani, kisha anaiweka mezani kama mtu anayeweka panya aliyekufa.

"Nani kakuchagulia hiki kidude?"

"Mjomba," anajibu Misty Ratliff, muuguzi anayezungukia wagonjwa majumbani katika milima hii ya mashariki mwa Kentucky, Marekani.

Mjomba mwenyewe, Doyle, yupo pale pale. Ameegemea gari lake, anatema tumbaku kwenye chupa ya soda. "Mkono mdogo, bastola ndogo," anasema. "Hata mwenye duka kasema hivyo."

"Mwenye duka ataifyatua yeye? Kitu chepesi namna hii kina teke la punda, Doyle. Atapiga mara moja, mkono utamuuma, hataigusa tena. Itaishia kwenye mkoba."

Neno mkoba analitamka kama tusi, na sababu anayo. Dada yake, Nadine, alikuwa na bastola kama hiyo, zawadi ya sikukuu. Siku mumewe alipovunja mlango, bastola ilikuwa kwenye mkoba, na mkoba ulikuwa ndani ya gari.

Baada ya mazishi ya Nadine, Verna, ambaye kazi yake ni kuendesha basi la shule, alianza kufundisha wanawake shabaha katika machimbo ya mawe yaliyoachwa nyuma ya nyumba yake. Miaka imepita na hasira haijapoa. Na ipoe kwa nini?

Tazama hali ya Misty. Alhamisi ijayo, mwanamume aliyemvunja taya anatoka jela. Mahakama imempa Misty amri inayomkataza huyo bwana kumkaribia. Gari la sherifu, mkuu wa polisi wa wilaya, likiitwa, huchukua karibu saa nzima kufika kwake. Huo ndio ulinzi wa mwanamke anayewafunga vidonda wazee wa nusu ya wilaya. Ni aibu, wala hatutatafuta neno laini.

Bi Verna anampangia Misty bastola tatu mezani, zote tupu. Ya kwanza kidole hakifiki vizuri kwenye kifyatulio. Ya pili hawezi kuvuta nyuma chuma chake cha juu ili risasi iingie. Ya tatu ni nzito, nyeusi, haina urembo wowote, nayo inakaa kiganjani bila ubishi.

"Hiyo," anasema Bi Verna. "Na itakaa kiunoni, kwenye ala yake. Sasa tuzifungie zote sandukuni. Doyle, njoo huku uwe na faida."

Kazi ya Doyle ni kumwendea mpwa wake akitokea mbali. Kazi ya Misty ni kumsimamisha kwa sauti. Bi Verna huanza na sauti siku zote, kwa sababu anayesimamishwa kwa sauti hahitaji risasi.

Doyle anakuja. Misty ananyoosha viganja. "Tafadhali, rudi nyuma, bwana."

Mjomba anaangua kicheko. Bi Verna hacheki.

"Umemwita nani bwana?"

"Ndivyo tulivyolelewa, Bi Verna."

"Najua. Nadine naye alilelewa hivyo hivyo. Yule aliyekuvunja taya, ulimwambia tafadhali?"

Misty anatazama chini. "Nilimwambia sana."

"Basi hizo tafadhali zimemtosha. Rudieni."

Wanarudia. Tafadhali inamtoka tena, na tena. Doyle anaanza kuchoka, anaamua kumchokoza. Anasogea mpaka pua kwa pua.

"Haya, nimefika, mama. Utanifanya nini?"

"Rudi nyuma!"

Sauti inagonga mawe na kurudi. Doyle amerudi hatua mbili bila kujijua, chupa yake ya tumbaku imemwagikia shati.

"Samahani, mwanangu," anasema. "Mimi nilidhani ni mchezo."

Misty analia, na amesimama pale pale. Baadaye anapofyatua ile bastola nyeusi, risasi zinatua kifuani pa mtu aliyechorwa kwenye karatasi ya shabaha, ingawa si zote. Bi Verna anamtaka arudi Jumatatu, Jumanne na Jumatano akitoka kazini.

Misty anapoondoka, mwalimu wake anakaa kwenye ndoo na kueleza anachokitaka sasa. Anataka ukumbi wa kanisa. Anataka wasichana wa umri wa sekondari, bila bastola hata moja, awafundishe kupiga ile kelele kabla hawajaolewa na mtu yeyote.

"Nilimwomba mchungaji wiki iliyopita," anasema. "Akaniambia, Verna, hilo litawafanya wasichana wetu wakose adabu. Nikamwambia, amina."