Mabakuli Saba ya Tufail

Siku hiyo Sughra alikuwa amekagua nyumba kumi na tisa, na katika kumi na moja amekuta viluwiluwi vya mbu. Kwa fundi cherehani vilikuwa ndani ya tairi wanalokalia wateja. Kwa mke wa muuza maziwa vilikuwa kwenye trei ya feni ya kupoza hewa kwa maji, na mama huyo akaapa kwamba trei haijawahi kushika maji tangu inunuliwe. Wote walimwimbia wimbo mmoja: mbu wanatoka kwenye mtaro, awaambie wakubwa wake wausafishe. Sughra naye alijibu lile lile, sauti imemkauka, kwamba mbu wa mtaroni ni wengine. Huyu wa homa ya dengue, mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana kweupe, ana maringo: hutaga kwenye maji safi, maji yale yale mtu aliyoyateka kwa mikono yake. Watu waliitikia kwa kichwa, wakamwandalia chai, na kabla hajafika mlango wa pili pipa lao lilikuwa wazi tena.

Alirudi kwake, nyuma ya kiwanda cha barafu pale mjini Rawalpindi, akapanda juu ya paa kuanua nguo. Binti yake Zunaira, wa miaka minane, alikuwa amekaa kivulini akiandika hesabu za shule, miguu wazi, na huku anajikuna kifundo cha mguu. Karibu naye, kwenye ukuta mfupi wa paa, yalipangwa yale mabakuli saba ya udongo ya kunyweshea ndege. Sughra aliinama juu ya la kwanza. Viluwiluwi vilikuwa vinajinyonganyonga humo, vichwa chini. La pili vivyo hivyo. Mpaka la saba.

Mabakuli hayo aliyaweka mama mkwe wake, Hajra Bibi, siku ya arobaini ya mwanawe Tufail, mume wa Sughra, ili kila shomoro anayekunywa amchumie marehemu thawabu. Tufail alifariki mwezi wa kumi mwaka jana. Siku ya tano ya ugonjwa homa ilishuka, mama akapika wali wa shukrani akawagawia majirani. Hakuna aliyewaambia kwamba homa ya dengue ikishuka ndipo hatari huweza kuingia. Jioni ile fizi zikaanza kutoka damu, na kesho yake adhuhuri akarejea kwa Mola wake. Zunaira naye aliugua wiki hiyo hiyo, akapona. Lakini daktari alimwita Sughra pembeni akamwonya: dengue ni ya aina nne, na aliyeugua aina moja akija kupata nyingine, mara ya pili huweza kuwa kali kuliko ya kwanza. Kwa ajili ya neno hilo Sughra aliiomba kazi ya ukaguzi. Anagonga milango ya watu mwaka mzima, kumbe mbu anawafuga mwenyewe.

"Mama," alimwambia Hajra Bibi, aliyekuwa kwenye kitanda cha kamba na tasbihi yake, "si uliniambia unabadilisha haya maji?"

"Naongeza. Kuongeza na kubadilisha vina tofauti gani?"

"Humo mmejaa viluwiluwi."

"Navyo ni viumbe wa Mungu. Viache vinywe."

Sughra alivuta pumzi. Akamkumbusha kwamba hata dini imetufundisha kufunika vyombo. Mama mkwe akamuuliza, akifunika, ndege atakunywa kwa mrija? Sughra akaona maneno hayana kazi, akanyanyua bakuli la kwanza alimwage. Hajra Bibi aliinuka, magoti yakalia, akamshika kifundo cha mkono.

Hapo ndipo Sughra alipolijua jambo lenyewe. Kila alfajiri bibi alisoma Yasini na kuyapulizia maji yale. Na maji yaliyosomewa hayamwagwi ovyo, kwenye bomba linaloteremka hadi chooni, watu wakayakanyaga. Sughra naye amelelewa hivyo. Mama yake mzazi akiyabakisha humimina kwenye shina la waridi.

"Basi tuyamwage kwenye maua," alisema.

"Maua yapi? Vyungu si ulivitoa wewe, bibi mkaguzi? Ulisema visahani vyake vinazaa mbu."

Ni kweli. Alivitoa mwenyewe.

"Mama, huyu mtoto akiugua tena, nitamzika kando ya baba yake."

"Ajali haina kinga, mwanangu."

"Hii ina kinga. Kinga yake ni kumwaga tu!" Na hapo subira ikamkatika. "Kama huwezi kuyamwaga hapa, yapeleke basi ukammwagie mwanao kaburini, maana mimi nimechoka."

Neno lilipomtoka alitamani kulimeza. Zunaira aliacha kuandika. Hajra Bibi aliyatazama mabakuli, midomo ikicheza kama mtu anayehesabu.

"Leo siku gani?" aliuliza.

"Alhamisi."

"Siku ya kumzuru. Lete ndoo."

Kabla ya kutoka ilibidi wabishane mara nyingine. Mayai ya mbu hugandia ukingoni mwa chombo na huweza kungoja miezi hata kukiwa kikavu, hivyo kumwaga bila kusugua ni kazi bure. Bibi alinung'unika kwamba wakaguzi hawaridhiki hata ukiwapa pepo, lakini akachukua majivu na dodoki, akasugua yote saba. Wakakubaliana: kila Alhamisi maji ya zamani yaende kwa Tufail, mabakuli yasuguliwe, yawekwe maji mapya. Wiki ikifika, mbu awe hajapata mbawa.

Makaburini bibi aliyamimina polepole, tangu kichwani hadi miguuni. Udongo ulikuwa mkavu, ukayanywa. Viluwiluwi vikarukaruka kidogo juu yake, vikatulia.

"Mwaka mzima nimekuja mikono mitupu," alisema Hajra Bibi.

Sughra alijipangusa macho kwa ncha ya mtandio, akageuka. Ndipo akaona. Karibu kila kaburi, mstari hadi mstari, lilikuwa na bakuli la ndege upande wa kichwani. Alichungulia lililo jirani. Vinajinyonganyonga. Akachungulia la pili yake, akafumba macho.

"Ya Rabi," alisema, akaanza kukunja mikono ya gauni.

Alipolishika la kwanza mama mkwe akamzuia tena.

"Kaburi la nani hilo?"

"Sijui, mama."

"Basi msomee Fatiha kwanza," alisema Hajra Bibi, na yeye akainama kuchukua la pili. "Kisha ummwagie."