Njia Iliyopita Uani Kwangu

Ipo asubuhi moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na harusini kwangu walichinjwa ng'ombe wawili. Ni asubuhi niliyoziba njia.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mimba ya kwanza na kichwa kigumu. Mume wangu Masanja alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu huku upande wa Bulyanhulu, akienda machimboni haonekani wiki mbili, tatu. Mwaka ule alibahatika, tukanunua kiwanja chenye nyumba ya bati na uzio wa minyara pande zote. Mimi niliyelala chumba kimoja na dada zangu watatu kule Shinyanga mjini, niliiona nyumba ile kama ikulu. Kilichonikera ni kimoja tu. Uzio wa nyuma ulikuwa na upenyo, na kutoka hapo kijia kilikatiza uani kwangu mpaka getini. Kila asubuhi bibi mmoja jirani alikipita na ndoo yake, akisema anakwenda kisimani.

Aliitwa Bibi Milembe. Angepita kimya ningemvumilia, lakini yeye lazima atue ndoo. "Umeamkaje, mayu?" Mayu ni mama kwa Kisukuma, na mimi hata sijazaa. Kisha maswali. Miguu imevimba? Jana umekula nini? Mbona macho mekundu, ulilia? Siku hiyo nilikuwa kweli nimelia, na sikutaka mtu ajue.

"Bibi," nikamwambia, "hapa kwangu si stendi. Watu wapite barabarani."

Alinitazama kidogo. "Haya, mayu," akasema, akachukua ndoo yake, akaondoka.

Saa hiyo hiyo nikakata matawi ya miiba na minyara, nikauziba ule upenyo mpaka kuku asipite. Nikanawa mikono vizuri, maana utomvu wa minyara ukikuingia machoni utajuta. Nilijisikia mwenye nyumba kwelikweli. Usinicheke, na wewe una yako.

Nikajifungua mapacha, Kulwa na Doto. Masanja alitutoa hospitali, akakaa siku tatu, wenzake wakamwita shimoni. Nikamwambia nenda, nitaweza. Alipotoka nikashusha komeo la geti kwa ndani, nisisumbuliwe.

Siku ya pili yake titi moja liliamka limevimba, gumu kama jiwe, na homa ikanishika nikawa natetemeka. Nilishuka kitandani kutafuta maji, miguu ikakataa, nikabaki sakafuni. Watoto walikuwa kitandani juu yangu wanalia wote wawili. Niliwasikia, mkono ukashindwa kuwafikia. Nilitaka kuita, sauti ikatoka ndogo. Halafu mmoja akanyamaza. Mwanangu, mpaka leo sijui hofu kubwa kuliko ile. Niliona tunakufa watatu ndani ya nyumba yetu nzuri, na geti nimelifunga mwenyewe.

Bibi Milembe alikisikia kile kilio kutoka kwake. Baadaye aliniambia kuwa kulia kwa watoto hakukumtisha, kilichomtisha ni kwamba hakusikia mama akiwabembeleza. Akaja getini, akasukuma, akaita, kimya. Akarudi kwake akachukua panga, akaenda kufyeka palepale nilipoziba. Mkono wa mtu wa zaidi ya miaka sabini haulengi vizuri. Utomvu ukamrukia machoni.

Akaingia hivyo hivyo. Nilimwona mlangoni anapapasa ukuta, machozi yanamtiririka, anauliza, "Uko wapi, mayu? Sema kitu nikufuate." Akanifikia, akapapasa kitandani, akamnyanyua aliyenyamaza, na mtoto akalia tena. Kisha akapiga yowe, majirani wakaja wakatupakia kwenye gari mpaka zahanati. Yule aliyenyamaza alikuwa Doto. Leo ni jibaba lenye kitambi.

Nilipopata nguvu nikawabeba watoto nikaenda kumwomba msamaha. Ilikuwa mara ya kwanza kukanyaga kwake. Nilimkuta amefungwa kitambaa machoni. Nikapiga magoti, nikaanza maneno niliyoyapanga, na hapo nikaona nyuma ya jiko lake watu wanachota maji. Mimi maji niliuziwa mlangoni na watu wa baiskeli, kisima sikuwahi kukiona.

"Bibi, kisima ndicho hiki?"

"Ndicho."

"Sasa kwangu ulikuwa unapitia nini?"

Akatabasamu chini ya kile kitambaa. "Nilikuwa nakuja kukuona. Binti peke yake, tumbo lile, mume yuko shimoni. Ningesema nakuja kukuangalia, ungenifukuza siku ya kwanza. Basi nikabeba ndoo."

Nililia kuliko watoto wangu.

Macho yalipona, ingawa moja liliendelea kutoa machozi mpaka mwisho wake. Yeye ndiye aliyenifundisha kuogesha watoto wawili kwa beseni moja. Na miguu yake ilipochoka, Kulwa na Doto ndio waliopita kwenye ule upenyo kila asubuhi kumpelekea uji, mpaka siku tuliyomzika.

Masanja naye ametangulia, mwaka juzi. Kulwa yuko Chato, Doto yuko Geita, na mimi ndiye bibi sasa. Baada ya matanga watu waliondoka, nyumba ikapoa, nikaacha kuwasha jiko. Aliyegundua ni Rehema, binti anayeuza chapati barabarani. Alipita uani, akaona majivu ya juzi. "Bibi, leo tunakunywa chai pamoja," akasema, akachutama kuwasha moto bila kusubiri jibu. Tangu hapo hupita kila siku na beseni lake. Nilimuuliza kama njia hii inamfupishia. Akacheka, akajitwika beseni lake.

Nimesikia unajenga, mwanangu. Jenga, na uzio weka, wezi wapo. Ila acha mahali pa watu kupita. Mzee jirani akikuuliza umekula nini, mjibu, na kesho yake wewe ndiye uende kumuuliza. Ukisikia binti kajifungua, kijana kaachishwa kazi mgodini, au mzee kafiwa na mwenzake, usingoje kuitwa, maana walio katika hali hiyo hawana sauti ya kuita. Beba chochote mkononi, jifanye unapita.

Mungu akupe watoto na miaka mingi, na asikunyime mtu wa kukuuliza umeamkaje. Na siku ukishindwa kuitika, huyo mtu awe anaijua njia ya kuingia kwako. Amina, mwanangu.