Kioo cha Mnara wa Taa

Baba yangu alitunza taa ya mnara wa kuongozea meli kwa miaka mingi, kisha akarudi kwao Kisarawe kulima mihogo na kupalilia mikorosho. Mimi nafundisha shule ya msingi Kongowe ya Kibaha, na nyumba yangu iko mtaa wa Picha ya Ndege, hapo hapo Kibaha. Bahari kwangu ni kitu cha kwenda kukitazama siku ya sikukuu. Kwa hiyo baba aliponiomba nimpeleke mnarani, nilimjibu kwamba nitaangalia ratiba, nikitumaini atasahau. Hakusahau. Alipiga simu kila Ijumaa akitoka msikitini.

"Macho yanakwisha, mama," aliniambia mara ya mwisho. "Nataka nikauone wakati bado naona."

Likizo ilipofika nikampitia kwa gari asubuhi. Shangazi, dada yake anayeishi naye, alinivuta pembeni. "Kachoma sindano yake ya sukari, lakini chai kainywa nusu tu. Furaha imemjaa tumboni. Hakikisha anakula njiani." Nikapakia chapati na soda mbili kwenye mkoba. Njiani nilimbembeleza mara tatu. Kila mara alisema tutakula tukifika, na tulipofika akasema tutakula tukishuka.

Mnara ulikuwa juu ya jabali, mweupe, rangi imebanduka upande wa upepo. Chini yake maji yaligonga mwamba kwa mlio kama wa mlango mzito unaofungwa. Mlinzi, mtu mzima aliyekuwa na ufunguo, alimwamkia baba shikamoo, na alipoambiwa kwamba mzee huyu ndiye aliyekuwa akiiwasha taa ile, alituruhusu tupande peke yetu.

"Mimi naenda kuswali adhuhuri hapo kijijini," alisema. "Msiharakishe. Ila ngazi zina kutu, mkoba uacheni hapa chini, mikono iwe huru."

Niliuacha mkoba, na simu ikiwa ndani yake. Nimejilaumu sana kwa hilo.

Baba alipanda kwa kupapasa, bila kutazama, mguu wake ukijua kila kipandio. Juu, kwenye chumba cha taa, alizunguka akigusa vioo kwa kiganja. Taa kubwa ya zamani ilikuwa imeondolewa. Palikuwa na taa ndogo ya sola, isiyozidi ukubwa wa ndoo. Baba alifungua kamlango ka chuma kenye kioo nusu ya juu, akatoka kwenye roshani inayozunguka mnara. Nikamfuata kwa sababu niliogopa kumwacha peke yake.

Upepo ulinyakua mlango nyuma yetu. Ulijibamiza, na ndani nikasikia komeo likianguka mahali pake.

Nilisukuma. Nikasukuma tena kwa bega. Baba alicheka. "Mlango huu una tabia hiyo tangu zamani. Mwenzangu atakuja kutufungulia." Nilidhani anamsema mlinzi. Tukakaa tumeegemea ukuta, miguu yetu karibu inafika kwenye reli ya chuma ya ukingoni, na mimi nikijitahidi nisitazame chini.

Sijui ulipita muda gani. Nilichokiona kwanza ni jasho. Upepo ulikuwa mkali na wa baridi, lakini shati la baba lilikuwa limelowa mgongoni. Kisha vidole vyake vikaanza kutetemeka.

"Baba, sukari imeshuka. Unanisikia?"

Aliniita kwa jina nisilolijua, jina la mwanamume. Akaniambia vioo vya nje vimejaa chumvi, meli haitaona kitu, na kwa nini nimekaa tu. Akainuka. Upande wa kulia wa roshani palikuwa na vyuma vilivyopigiliwa ukutani kushuka chini, ngazi waliyoitumia vijana wa enzi zake kusugua ukuta. Viwili vya juu vilikuwa vimeliwa na kutu hadi vimebaki kama vijiti. Baba alishika reli na kuinua mguu.

Nilimdaka kwenye mkanda wa suruali. Sikujua kama mwili wa baba yangu bado una nguvu kiasi kile. Alinisukuma kwa kiwiko, akanitukana kwa Kizaramo, yeye ambaye hajawahi kunitolea tusi maishani mwake. Nilipiga kelele kumwita mlinzi, na upepo ukaipeleka sauti yangu baharini. Nikamvuta kwa uzito wangu wote mpaka tukaanguka pamoja sakafuni, nikamlalia kifuani kama mtoto mkorofi anayebanwa apakwe dawa. Alihangaika kidogo, halafu akalegea. Kulegea kule kulinitisha kuliko nguvu zake.

"Baba, komeo linafunguliwaje kwa nje?" Nilimuuliza mara mbili, mdomo sikioni mwake. Alinong'ona tena lile jina la mwanamume.

Nilivua kiatu, nikakipiga kioo cha mlango kwa kisigino chake. Kioo kizito cha zamani; hakikutikisika. Nikapiga tena, na tena, nikilia sasa kwa sauti. Kilipovunjika niliingiza mkono bila kuangalia, nikalipata komeo, nikaliinua. Damu niliiona baadaye, nikiwa nashuka ngazi mbiombio kufuata soda.

Niliporudi juu nilimnywesha kidogo kidogo, kichwa chake kwenye paja langu, nikimpangusa iliyomwagika kidevuni. Chupa ya pili ilipofika nusu, macho yake yalitulia. Alitazama anga, akanitazama mimi, akatazama mlango.

"Nani kavunja kioo?"

"Mimi."

"Kioo hicho nimekifuta kila siku ya Mungu nilipokuwa hapa." Sauti yake ilikuwa ya kukaripia kabisa. "Ungeniuliza. Ukipitisha kitu chembamba kwenye upenyo, hata kitana, komeo linanyanyuka."

"Nilikuuliza, baba. Uliniita kwa jina la mtu mwingine."

Akaomba chapati.

Mlinzi aliporudi alishika kichwa kwa mikono miwili. Ilibidi aandike taarifa kwa wakubwa wake, na alikuwa na hofu kuliko hasira. Baba, ambaye alikuwa bado anatafuna chapati, alimwambia, "Andika nimevunja mimi. Andika na kazi niliyokuwa nafanya hapa zamani." Nilitaka kupinga, akanionyesha kiganja ninyamaze.

Tulisimama zahanati ya kwanza barabarani. Muuguzi alinisafisha mkono, akaanza kushona. Aliuliza nimekatwa na nini. Nilitafuta namna fupi ya kueleza, lakini baba alinitangulia.

"Amekatwa na kioo," alisema. "Nilikuwa nataka kujitupa chini na akili zangu hazipo. Yeye alinizuia."

Muuguzi aliinua macho kutoka kwenye sindano, akamtazama yeye, kisha mimi. Sikujua kama baba anakumbuka chochote cha pale kwenye reli. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kofia mapajani, na shati lake jeupe lina michirizi ya damu yangu. Nilishonwa nyuzi saba. Nyuzi zilipokuwa zinavutwa nilitazama pembeni, na nilipomrudishia macho, yeye alikuwa bado anautazama mkono.

Ijumaa iliyofuata alipiga simu kama kawaida. Aliuliza kidonda kinaendeleaje, nikamwambia kinakauka. Tukaongea habari za mvua.