Friji ya Bombolulu na Mnazi Uliolala

Mwenye kutaka kubisha na abishe, lakini friji yenyewe iko jikoni kwangu Mtopanga hadi leo, inanguruma, na yeyote anaweza kuja kuigusa. Haya si ya kuhadithiwa. Yalinipata mimi mwenyewe, tena mchana kweupe, nikiwa sijaonja hata tone. Na ukinisikiliza hadi mwisho utaelewa kwa nini siku hizi kuonja kwenyewe kumenishinda.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa fundi wa mashine katika kiwanda kimoja cha Changamwe. Baba yetu alifariki mdogo wangu Kahindi akiwa bado ananyonya, kwa hiyo nilimlea mimi, na alipotaka kuoa nikasimama mimi mahali pa baba. Msichana aliitwa Sidi, kwao Mwakirunge, na Kahindi alikuwa amempenda mpaka akawa anachoma ugali. Sasa sisi Wagiriama hatuendi kuposa mikono mitupu. Tunakwenda na kibuyu cha mnazi, ile pombe inayogemwa juu ya mnazi wenyewe, na wazee wa msichana wanakupimia kwa kibuyu hicho. Ukiwa mtamu, mnakaa mnaongea.

Mara ya kwanza niliharibu mimi kwa mdomo wangu. Nilimsifu mgema wetu mbele za watu, nikasema kutoka hapa hadi Kilifi hakuna mnazi kama wake. Na unajua wasemavyo, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wetu alilitia kwelikweli. Tulipofika Mwakirunge, Mzee Mwaringa, ambaye ni ami yake Sidi na ndiye aliyesimama badala ya marehemu baba yake, alipiga funda moja akalitema kando.

"Hiki umetuletea sisi," akaniuliza, "au umetuletea maji ya kunawa?"

Watu walicheka, na mimi nikajifanya nacheka. Kisha mzee akasema bila kucheka, "Mtarudi mara moja. Moja tu. Kuna watu wa Mtwapa nao wanauliza." Jioni ile Kahindi hakula. Iliniuma. Mtoto uliyemlisha kwa mkono wako akikataa chakula kwa ajili ya kosa lako, utalala vipi?

Nikatafuta mgema mwingine, mtu mwaminifu wa upande wa Mtwapa, lakini mnazi wake wa asubuhi ulikuwa wa mwenye kilabu fulani, agano lao la miaka mingi. Mimi angeweza kunipa ule wa alasiri tu. Na mnazi ukigemwa alasiri, kufikia asubuhi umechacha, unaweza kulowekea maembe. Tena nilisikia watu wa Mwakirunge wana sharti lao: mnazi wa posa huwa wa asubuhi ile ile, haulali. Hapo ndipo nilipopata akili, au niite ujinga. Nikasema, nitanunua friji. Mnazi utalala kwenye baridi, asubuhi utaamka mtamu, na nikiulizwa nitasema umegemwa alfajiri. Nani atajua?

Bombolulu kulikuwa na duka la vitu vya mitumba vilivyotoka kwenye mahoteli, la Bwana Saidi, mtu mcheshi asiyekosa tasbihi mkononi. Nilifika baada ya adhuhuri. Akaniuliza friji ya nini.

"Ya maziwa," nikasema. Ningemwambiaje Bwana Saidi kuwa ni ya pombe?

"Karibu, ingia utazame. Zote nzima, wallahi," akasema, akabaki pale mlangoni na gazeti lake.

Ndani nikaiona friji nyeupe, ndefu, ya milango miwili, inang'aa kama jino la bandia. Nikaipenda pale pale. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitaiweka wapi ili majirani waione, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Maziwa hayo yanakamwa juu ya mnazi?"

Nikageuka. Alikuwa mzee mmoja mrefu, shati jeupe limefungwa vifungo hadi shingoni, na kitambaa kimekunjwa juu ya mkono wa kushoto. Joto la siku ile lilikuwa la kuchemsha yai, lakini yeye hakuwa na jasho. Nikadhani ni mtu wa dukani. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo nyeupe iache. Ni sura tu."

Akatoa kipande cha karatasi, akakibana kwenye mlango wa ile nyeupe, akanionyesha nivute. Kikatoka bila kushika. "Mpira umekufa," akasema. "Baridi yote itatoka hapo, na stima utailipia wewe." Akaniambia niweke sikio kwenye mota. Mimi ni fundi, masikio yangu yanajua mashine, na kweli mle ndani mlikuwa na kitu kinagonga. Niliona haya kidogo kwamba sikuwa nimesikiliza kabla ya kupenda.

Kisha akanipeleka kwenye kona. Palikuwa na friji fupi, ya rangi ya kahawia, mlango wa kioo, ndani ina vitanda vya mbao vya kulazia chupa. Nilikuwa nimeipita bila kuiangalia.

"Hii ni ya mvinyo. Nilikuwa nikiangalia mvinyo hotelini, miaka yangu yote," akasema. "Kinywaji kinachopumua hakitaki baridi ya nyama. Hiyo huua ladha yake. Kinataka baridi ya mtungi, ile ya maji ya bibi yako. Friji hii haijui baridi nyingine."

Akabana karatasi. Nikavuta, ikakatika. Nikasikiliza mota, ikawa inakwenda taratibu kama mtu aliyelala vizuri. Akanishikisha wavu wa nyuma, una uvuguvugu sawasawa kutoka juu hadi chini. Ilikuwa imewashwa, na kioo kilikuwa na jasho kwa ajili ya joto la nje. Nilipogusa, vidole vyangu vitano vikajichora. Yeye naye aliweka kiganja chake pale kando ya changu. Niliona kwamba kidole chake cha shahada kimekatika ncha. Na niliona kwamba kiganja chake hakikuacha alama yoyote kwenye kioo kile.

Utaniuliza, ukafanya nini? Sikufanya kitu. Nilijiambia labda mkono wake ni mkavu. Mtu akiwa na haja yake, hata ajabu haimshtui.

"Ibebeni imesimama, msiilaze," akaendelea. "Ikifika, ikae hadi magharibi ndipo uiwashe, mafuta ya mota yatulie. Namba iwe mbili, isizidi. Kibuyu usikizibe sana, kitapasuka." Kisha akanitazama. "Na friji hairudishi saa nyuma, mwanangu. Inachelewesha tu. Kilicholala kimelala. Wakikuuliza, waambie umelala."

Nikasema, "Ndiyo, mzee," kama tunavyowaambia wazee wote. Moyoni nilisema, nikiwaambia umelala si nitarudishwa tena? Nikaenda mlangoni kupatana na Bwana Saidi. Aliniuzia kwa nusu ya bei ya ile nyeupe. Nilipogeuka kumshukuru mzee, hakuwapo.

"Nimekuona ulivyobana karatasi na kusikiliza mota," Bwana Saidi akasema huku anacheka. "Nikasema, huyu ni fundi, simuwezi. Lakini wazungumza na friji, ndugu yangu! Zilikujibu?"

Nikacheka naye. Nilidhani ananitania. Tena kilichonipita kabisa, na bado kinanishangaza kila nikikumbuka, ni kwamba habari za posa sikuwa nimemwambia mtu yeyote dukani mle. Hao wa kuniuliza, yule mzee aliwajuaje?

Mwenye mkokoteni alitupeleka hadi Mtopanga, friji imesimama kama bibi harusi, mimi nimeishikilia ubavuni. Nilifuata yote niliyoambiwa. Mnazi wa alasiri ukaja siku moja kabla ya posa, nikauweka, namba mbili, kizibo legelege. Asubuhi nilionja kijiko kimoja. Niamini, ulikuwa mtamu kuliko ulivyoingia. Nikakifunga kibuyu kwa gunia lililolowa maji, tukaondoka.

Mwakirunge walikuwa wametandika mikeka uani. Kahindi alikuwa amevaa shati langu, limempwaya mabegani. Baada ya salamu, Mzee Mwaringa akakivuta kibuyu, akanusa.

"Mnazi huu umegemwa lini?"

Nilikuwa nimelifanyia mazoezi jibu lile njia nzima. "Leo alfajiri, mzee wangu. Hata umande haujakauka."

Akanitazama kidogo, akaitikia kwa kichwa. Basi, desturi yetu ni kwamba hanywi mtu kabla ya koma, wale waliotutangulia, kumwagiwa chao chini. Mzee akaita ndani, na mamake Sidi akatoka amekumbatia picha yenye fremu. Akaiegemeza juu ya kiti kitupu kilichowekwa pale katikati, ili mwenye mtoto naye awepo.

Picha ilinielekea mimi. Mzee mrefu, koti jeupe, tai ndogo nyeusi, kitambaa juu ya mkono wa kushoto. Ameshika chupa ya mvinyo kama wanavyoishika hotelini, na kidole chake cha shahada kimekatika ncha.

"Baba Sidi," Mzee Mwaringa akasema huku akimimina chini, "chako hiki. Mwanao anaposwa. Tumeambiwa umegemwa leo."

Nilimuuliza mtu aliyekaa kando yangu, kwa kunong'ona, yule marehemu ana muda gani tangu afariki. Akaniambia, miaka sita. Nikayakumbuka maneno ya yule mzee wa dukani. Ningeweza kusema pale pale. Neno moja tu, "umelala". Nilimtazama Kahindi ndani ya shati langu lile, nikaogopa, nikanyamaza. Nawaambia ukweli, niliogopa walio hai kuliko aliyekufa.

Vikombe vikazunguka. Mzee Mwaringa akapiga funda, akafumba macho. "Huu ndio mnazi," akasema. Kila mtu akasifu, na wanawake wakapiga vigelegele. Nikanywa changu. Kilikuwa siki. Siki ya kukunja taya, machozi yakanitoka. Nikamwambia Kahindi tubadilishane vikombe. Akaonja changu, "Kaka, mtamu!" Nikaonja chake, siki. Nikatazama ile picha, na sikuitazama tena siku ile.

Posa ilipita. Kahindi alioa, na ndoa yao ni nzuri kuliko ndoa nyingi ninazozijua, yangu ikiwemo. Mtoto wao wa kwanza amepewa jina la babu yake. Marehemu hakuwa na ubaya na mdogo wangu, ndiyo maana alikuja mwenyewe kuchagua friji. Alitaka mnazi wa mwanawe ufike vizuri. Kwangu mimi alitaka neno moja tu, nikamnyima, mbele ya kiti chake.

Tangu siku ile hakuna mnazi ulioingia kinywani mwangu ukawa mtamu. Nimejaribu wa asubuhi, wa mchana, wa Kaloleni, wa Rabai. Wenzangu wanalamba midomo, mimi nakunywa siki. Na nilikuwa mtu wa kuupenda, msione haya kumuuliza mke wangu.

Baadaye sana nilikwenda kwa Mzee Mwaringa nikamweleza yote. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akafuta macho, akaniambia, "Uliolala tungeunywa. Mara ya kwanza hatukukurudisha kwa mnazi kulala, tulikurudisha kwa maji." Nikamwomba aniondolee. "Si mimi niliyekufunga," akasema. Akanionyesha kaburi liliko. Nilikwenda na kibuyu, nikapiga magoti, nikasema, "Baba, umelala, ni wa jana." Nikammwagia chake, nikanywa changu. Siki ile ile.

Kwa hiyo wewe unayetafuta friji ya mvinyo ya nyumbani, usipende sura. Bana karatasi mlangoni uvute, sikiliza mota, ibebe imesimama, na iwe baridi ya mtungi. Haya nimefunzwa na anayejua, na friji yangu haijalala kwa fundi hata siku moja. Lakini ukiulizwa kilichomo kina muda gani, sema kweli pale pale, kabla tone la kwanza halijagusa ardhi. Likishagusa, umechelewa. Wageni wangu wakija nawamiminia mnazi, wananisifu, nami nawaombea waufurahie. Mimi huletewa chai.